Pakanga Ndani ya Jeneza

Bibi Fang alinifukuza nyumbani kwake kwa fagio, na hata leo simlaumu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumuunguza mkamwana wake kidole cha mguu.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Kijiji kizima kiliniita Daktari wa Siku Tisini, kwa kuwa hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa wilayani kabla ya kurudishwa na sanduku la mbao lenye kipimajoto, sindano za kutoboa na kitabu kimoja. Asubuhi nilipanda mpunga peku matopeni kama wenzangu. Mtu akijikata mundu, ndipo nilipoitwa daktari. Ulimi nilikuwa nao mrefu kuliko ujuzi, na wakubwa walilijua hilo na hawakunificha.

Heyun, huyo mkamwana, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto alikuwa amekaa vibaya, kichwa juu, chini ya mbavu, na matako chini. Kwa mwanamke mwingine ningesema tungoje. Kwa Heyun sikuthubutu. Miaka miwili kabla ya hapo mtoto wake wa kwanza alitanguliza miguu, akakwama shingoni, na mkunga alipofika kutoka ng'ambo ya ziwa kulikuwa hakuna tena cha kufanya ila kumfunika. Walimzika mlimani bila jina. Safari hii hospitali ya ng'ambo ilimwambia aje mapema, wiki mbili kabla ya siku zake, wamwandalie kitanda na mpasuaji. Akafunga kifurushi chake, akakiweka mlangoni. Kisha mvua ikaanza.

Ziwa lilimeza gati siku ya nne. Mashua ya kuvushia watu ikafungwa kwenye mti uliokuwa zamani katikati ya shamba. Wanaume wote, na mumewe Shuigen miongoni mwao, walipelekwa kwenye tuta kubeba magunia ya udongo, maana tuta likipasuka tungekwenda na maji sote, wenye mimba na wasio nayo. Kiongozi wetu wa kijiji alisema mashua haitavuka kabla ya siku ishirini, mvua ikikatika. Na mvua haikuwa na habari hiyo.

Ikabaki pakanga, lile jani chungu la dawa. Kila bibi wa kwetu anajua kwamba ukiifukiza pembeni ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, kulia na kushoto, kila siku baada ya saa tisa alasiri, mtoto huhisi joto akageuka. Kitabu changu nacho kilisema hivyo hivyo, na kilichora mguu. Kwa nini kidole kidogo, hakuna aliyewahi kunieleza, nami niliona haya kuuliza.

Lakini pakanga ya kuchoma si pakanga yoyote. Ile mbichi ya mwaka huu, tunayoitundika milangoni siku ya tano ya mwezi wa tano, ni ya kuogea, ya kufukuza mbu, ya kuchemshia mzazi. Ya kuchoma huachwa darini miaka mitatu na zaidi, mafuta yake yaishe, moto wake uwe mpole. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua, na mimi nililijua. Ila magunia yote ya pakanga kuukuu yalikuwa yamepelekwa kwenye tuta wanaume wafukizie mbu, na yamekwisha. Nikajidanganya kwamba nikiushika ule msokoto wa majani unaowaka mbali kidogo na ngozi, majani ya wiki tatu yatafaa.

Hayakufaa. Majani mapya hutema cheche. Kaa moja likaruka likatua kati ya vidole, Heyun akarusha teke, kigoda kikapinduka, naye angeanguka na tumbo lile lote kama Bibi Fang asingemdaka kwapani.

"Unamchoma mkwe wangu kama unamnyonyoa bata!" alifoka. "Siku tisini! Walikufundisha nini siku tisini, kuwasha jiko?"

"Bibi, nilitaka—"

"Toka! Umeona kaburi moja halitutoshi?"

Ndipo fagio likaja.

Nilitoka mbio na sanduku langu kichwani, mvua inanipiga, nikalia njia nzima kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Siku mbili nilipita nyumba kwa nyumba kuomba pakanga ya zamani, nikaona dari zimefagiliwa. Mtu mmoja alinipa konzi ya vumbi na kinyesi cha panya. Siku ya tatu Heyun akanijia mwenyewe, anatembea kwa kushika kuta, kidole kimefungwa kitambaa.

"Mdogo wangu," alisema, "ipo pakanga. Ya miaka kumi na miwili."

"Wapi?"

Aliangalia nyuma yake kwanza. "Kwenye jeneza la mama."

Wazee wa kwetu hutengenezewa jeneza wangali hai, na hulipaka rangi kila mwaka kama watu wanavyopaka mashua. Miaka ile wakubwa wa wilaya hawakutaka kuyaona, wakisema ni mambo ya kale, kwa hiyo la Bibi Fang lilikaa chumba cha nyuma, limefunikwa mabua, na mgeni akiuliza aliambiwa ni kasha la mbegu. Ndani yake alikuwa ameweka nguo zake za kuzikiwa, viatu, na mto wa kulalia kichwa, alioushona kwa mkono wake na kuushindilia pakanga, ili atakapolala mara ya mwisho kichwa kisimuume na njia asiipoteze. La jeneza kila mtu alilijua; la mto sikulijua. Heyun akaniambia na lingine: pakanga ile aliichuma binti yake, Xing'er, mwaka wa njaa. Aliichuma mwezi wa tano, akaianika, akamwambia mama yake, hii ni ya mto wako. Kipupwe hakikumkuta.

"Nikiigusa ataniua," alisema Heyun. Kisha akakaa kwenye kizingiti changu. "Na nisipoigusa nitakufa vilevile. Sitaki tena kuvutwa mtoto ananing'inia nusu, mdogo wangu. Sitaki."

Nikamwambia nitakwenda kuomba. Ndivyo nilivyokuwa, naropoka kwanza naogopa baadaye.

Nilimkuta Bibi Fang anachambua maharage. Nilipiga magoti kabisa, nikasema nilichokuja kusema, haraka, kabla fagio halijapatikana. Hakulitafuta fagio. Aliweka ungo chini, akanitazama muda mrefu, na ningependa zaidi angenipiga.

"Nani kakwambia kuna kitu humo?"

Nikakazia macho maharage.

"Mwana wa Gu," akasema taratibu, akiniita kwa ukoo wetu, "ulikuja na majani mapya ukamchoma. Sasa unataka uchome na mtoto wangu. Nenda. Nenda kabla sijakutamkia neno litakalokufuata."

Nilikwenda, lakini sikufika mbali. Nilisimama chini ya upenu wa jirani kungoja mvua ipungue, na hapo nikasikia sauti ya ubao unaburutwa. Nikarudi. Niliingia kwa mlango wa nyuma, na hadi leo nayaona yale mambo mawili akilini: kifuniko cha jeneza kimesukumwa kando, na Heyun amesimama na mkasi wa kushonea mkono mmoja, mto wa buluu mkono mwingine. Bibi Fang alikuwa mlangoni upande wa pili. Alikuwa amesikia kama nilivyosikia mimi.

Mvua ilikuwa inagonga vigae.

"Weka chini," alisema Bibi Fang.

Heyun akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini mkono wa mkasi ulikuwa umetulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama, nichape baadaye. Nifukuze. Mwambie Shuigen anirudishe kwetu. Lakini mtoto huyu nitamzaa anapumua."

"Nimesema weka chini."

"Xing'er ni wifi yangu japo sikumwona. Angekuwa hai angenipa."

Niliona uso wa mzee ukibadilika, nikadhani sasa atamrukia. Nilisogea nijitie kati. Akanisukuma na kiwiko bila hata kunitazama, akamfikia Heyun, akamnyang'anya mkasi.

"Unakata hivyo hivyo tu, unapasua kitambaa," alisema, na sauti ilikuwa imekwaruzika. "Mshono uko upande huu. Niliushona mimi."

Alikaa kwenye ukingo wa jeneza lake akaufumua, uzi mmoja mmoja, kana kwamba ana siku nzima. Harufu ikatoka, ile harufu kavu tamu ya pakanga iliyokaa. Majani yalikuwa yamekuwa rangi ya majani ya chai. Alimimina yote kwenye ungo wa maharage. Kisha akachukua konzi moja, akaitia mfukoni mwa koti, upande wa kifuani, akafunga kifungo. Niliona, nikajifanya sikuona.

"Twanga, Daktari," aliniambia. "Na ukimwaga hata jani moja, nitakutwanga wewe."

Nilitwanga kwenye kinu cha mawe mpaka mikono ikafa ganzi, nikachekecha vumbi na vijiti, nikatwanga tena, hadi ikabaki sufi laini ya manjano. Nikaisokota kwenye karatasi. Ilitoka misokoto kumi na miwili, miwili kwa siku. Siku sita.

Alasiri ya kwanza kiberiti kilinishinda mara mbili. Bibi Fang ndiye aliyeushika mguu wa Heyun mapajani mwake, kwa mikono yote miwili, ili usiruke. Msokoto ukawaka bila cheche, moshi wake unapanda polepole. "Ni joto tu," Heyun alisema kwa mshangao. "Kama jua." Mtoto alicheza tumboni sana siku ile, tukafurahi. Nilipompapasa baadaye, kichwa kilikuwa pale pale, chini ya mbavu, kigumu.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Habari zikaja kwamba tuta limevuja upande wa mashariki na wanaume wamesimama majini wameshikana mikono. Siku ya nne Heyun alipata maumivu ya tumbo asubuhi, tukadhani ndiyo yenyewe, lakini yakapita. Siku ya tano nilimpapasa nikasema uongo, nikasema naona kama kimesogea. Bibi Fang aliniangalia tu. Alizaa watoto saba yule, angedanganywa na mimi?

"Wewe usimfariji," aliniambia tukiwa uani. "Mgeuze."

Siku ya sita msokoto wa kumi na mbili uliungua hadi karatasi ikaniunguza ncha za vidole. Niliweka viganja tumboni kwa Heyun. Kichwa kilikuwa juu. Nilikaa chini sakafuni.

Siku ya saba nilikwenda mikono mitupu. Sikujua kwa nini nakwenda. Heyun alikuwa amelala ubavu, Bibi Fang amekaa karibu naye ameshika kikombe cha maji ya moto ambacho hakuna aliyekinywa. Ilikuwa yapata saa tisa. Mfuko wa kifuani wa koti lake ulikuwa umevimba kidogo, na kila nilipojaribu kutazama pengine macho yalirudi hapo. Nikaropoka.

"Bibi, zile za mfukoni."

Aliweka kiganja juu ya kifungo. "Hizi si zako."

"Zinatosha misokoto miwili. Myembamba."

"Nimesema si zako! Nimetoa mto. Nimetoa wote. Hizi nilale nazo, zina harufu ya mikono yake. Zikiisha hizi nina nini mimi? Hata picha sina!"

Alikuwa anapiga kelele, na mwishoni ilikuwa si kelele tena. Sikuwahi kumwona Bibi Fang akilia. Alikuwa mwanamke ambaye mbwa wa watu walimpisha njia.

Heyun akageuka kitandani kwa shida, akanyoosha mkono, akamshika mzee kwenye mkono wa koti. "Mwache, mdogo wangu," aliniambia. "Mama amekwisha toa. Usimwombe tena. Likija la kuja, lije."

Nilidhani ndio mwisho. Nilianza kufunga sanduku langu. Nyuma yangu nikasikia kifungo kinafunguliwa.

"Lete karatasi," alisema Bibi Fang. "Na safari hii nasokota mwenyewe, wewe unabana mno."

Hakutwanga kwenye kinu. Alisugua majani yale kati ya viganja vyake, polepole, mpaka yakawa sufi, na mara mbili aliinua viganja akavinusa. Akasokota miwili, myembamba kama vijiti vya kulia wali. Akawasha wa kwanza mwenyewe. Nilishika mguu mimi.

Mguu wa kushoto ukaisha. Tukaingia wa kulia. Ulikuwa umebaki urefu wa kifundo cha kidole Heyun aliposema, "Ngoja."

"Nimekuchoma?" aliuliza mzee.

"Ngoja. Ngojeni." Alikuwa ameshika kingo za kitanda. Tumbo lilikuwa limeinuka upande mmoja, limechongoka, kama mtu anayepiga kiwiko kutoka ndani ya gunia. Likasimama hivyo. Heyun akauma midomo. Kisha ule uvimbe ukaanza kutembea, tuliuona kwa macho yetu sote watatu, ukapita chini ya kitovu, ukazama, na tumbo zima likatulia likawa na umbo jingine.

Bibi Fang hakuondoa msokoto. Aliungoja hadi ukazimika wenyewe. "Mpapase," aliniambia.

Nikampapasa. Chini, juu ya mfupa wa nyonga, palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kinachocheza kidogo ukikisukuma. Juu, laini. Nikarudia mara tatu kwa sababu sikujiamini. Nikabaki naonyesha chini kwa kidole kama bubu, na hapo Heyun akaanza kucheka na kulia pamoja.

Sisemi ni pakanga. Nimezalisha wanawake mia nne na zaidi tangu siku ile, na nimeona watoto wakigeuka wenyewe bila kufukizwa chochote, na wengine wakakataa katakata hata ungewachomea shamba. Nasema tu nilichokiona.

Mtoto alizaliwa siku kumi na nane baadaye, asubuhi, mashua ingali imefungwa kwenye mti. Alitanguliza kichwa, msichana, mwenye sauti ya kero. Siku ya tatu tulimwogesha kwa maji ya pakanga mpya, ile ile ya milangoni iliyonitia aibu. Bibi Fang alikuwa anammwagia maji mgongoni nilipopata ujasiri wa kumwambia kwamba nasikitika kuhusu mto, kwamba sasa hana cha kulalia.

"Basi siwezi kufa," alijibu bila kuinua macho. "Pakanga ya mwaka huu itataka miaka mitatu. Na nani kakwambia nina haraka?"

Hakuwa na haraka kweli. Aliishi miaka kumi na mitano mingine. Yule msichana, waliyemwita Zhihe, alipoweza kutembea walianza kwenda wote mlimani kila siku ya tano ya mwezi wa tano kabla umande haujakauka, na kurudi na kikapu. Kila mwaka walifumua mshono wa mto wakashindilia zaidi. Nilimcheka Bibi Fang mara nyingi kwamba atalala kaburini ameketi. Aliniambia nishughulike na sindano zangu.

Siku tulipomlaza, jeneza halikuwa linafichwa tena, na watu walikuja wengi. Shuigen na wenzake waliweka kifuniko, kikakataa. Wakakisukuma, kikakataa. Mto ulikuwa umejaa mno, umemwinua kichwa, paji la uso karibu liguse ubao. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni ishara mbaya, mzee hataki kwenda. Zhihe akapenya katikati yao na mkasi mkononi.

"Bibi alisema kifuniko kitakataa," alisema. Alikuwa na miaka kumi na mitano na hakuogopa kitu. Alijua mshono uko upande gani. Akaufumua, akatoa majani ya chini kabisa, yale ya zamani, konzi baada ya konzi, mpaka kichwa cha bibi yake kikalala sawa na kifuniko kikafunga bila kusukumwa. Kisha akanijia akanimiminia yote kwenye aproni yangu mbele ya watu.

"Hizi ni zako, Shangazi Daktari," alisema. "Aliniagiza. Alisema usije ukamchoma mtu mwingine na majani mapya."